MALI ILIYOMO UDONGONI

Leo tuanze na jaribio. Chukua tonge la ugali, ulitafune bila kumeza, uhesabu mpaka 100. Utasikia utamu. Je, sukari hiyo imetoka wapi? Katika mate yako mna kimeng'enya. Kazi yake ni kuvunja wanga uwe sukari.

Bakteria wa udongoni nao wana vimeng'enya. Hawana meno wala tumbo. Hutoa vimeng'enya nje ya miili yao, vikavunja majani makavu na mizoga, kisha wao hufyonza chakula. Viwanda navyo vinavitaka. Sabuni ya unga yenye vimeng'enya hutoa doa la damu hata kwa maji ya baridi. Kuni za kuchemshia maji zinabaki.

Zamani mtaalamu aliotesha bakteria kwanza katika sahani ya maabara. Lakini bakteria walio wengi hawakubali kuota humo. Inakadiriwa kuwa katika 100 anaota kama 1 tu. Na gramu 1 ya udongo, yaani ncha ya kijiko, yaweza kuwa na bakteria bilioni nzima! Hao wengine tulikuwa tunawakanyaga tu.

Mwaka 1998 Jo Handelsman na wenzake huko Marekani walitoa jina metajenomi, maana yake jeni zote za vijidudu vya mahali pamoja. Jeni ni maagizo ya urithi. Ndiyo yanayosema kimeng'enya kijengwe vipi. Kwa njia hii hakuna kuotesha kwanza. Bakteria wa udongo hupasuliwa wote kwa pamoja, jeni zao hutolewa, hukatwa vipande, na kila kipande huingizwa ndani ya bakteria mwingine anayefugika. Huyu sasa afuate maagizo ya mwenzake. Huwekwa kwenye sahani yenye maziwa. Akitoa kimeng'enya cha kuvunja protini, weupe wa maziwa hutoweka pale alipo, likabaki duara angavu.

Usidhani ni kazi rahisi. Hupimwa maelfu ya vipande, na vingi havitoi kitu, kwa sababu bakteria wa kufugwa hawezi kufuata kila agizo.

Sasa, mali hii ni ya nani? Jirani zetu Kenya walikumbana na swali hilo. Vijidudu vya maziwa yao ya magadi, vilivyooteshwa kwa njia ya zamani, vilitoa vimeng'enya vya sabuni na vya kupaushia suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai sehemu ya faida kwa kampuni moja ya Marekani. Kampuni ilikataa kuwa imevunja sheria. Mwaka 2010, mjini Nagoya, Japani, mataifa yalikubaliana kwamba anayechukua viumbe vya nchi nyingine aombe ruhusa, na faida igawanywe. Mapatano hayo yalianza kufanya kazi mwaka 2014.

Mjadiliane kikundini: mgeni akija na kopo kuchota udongo wa kijiji chenu, mtamwuliza nini kabla hajaondoka?