SOMO LA WIKI: MSHAHARA WA MHUDUMU WA HOTELI NI ULE UNAOBAKI

Wenye hoteli za chakula hulalamika kwamba mpishi akishakomaa kazini huhama mji. Wahudumu nao huulizana kama inafaa kufunga mizigo kwenda Nairobi. Kwa kawaida pande zote mbili hutazama tarakimu moja, yaani mshahara unaotajwa siku ya kuandikwa kazi. Tarakimu hiyo peke yake imewaingiza wengi hasarani, mwajiri kwa mfanyakazi.

SHERIA INASEMAJE

Nchini Kenya, amri ya jumla ya mishahara huweka mhudumu wa mezani na mpishi katika daraja moja, na kuigawa nchi katika maeneo matatu. Viwango vya chini kwa mwezi vilivyoanza Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6, ni hivi (senti zimeachwa):

Nairobi, Mombasa na Kisumu: Sh. 17,403
Miji iliyokuwa manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru: Sh. 15,441
Maeneo mengine: Sh. 9,933

Mwajiri asiyempa mfanyakazi nyumba huongeza asilimia 15 ya posho ya nyumba. Hivyo mhudumu wa Nairobi hufikia Sh. 20,013, wa mji kama Nyeri Sh. 17,757, na wa maeneo mengine Sh. 11,423.

Tofauti kati ya Nairobi na Nyeri ni Sh. 2,256 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni kama Sh. 87 kwa siku. Mhudumu anayepanda matatu kwa Sh. 50 kwenda na Sh. 50 kurudi hutumia Sh. 2,600 kwa mwezi. Nauli peke yake imekwisha kumeza faida ya kuhamia jiji kuu, kabla hajalipa kodi ya chumba.

HESABU YA MFANO

Ichukuliwe mhudumu asiye na familia, anayelipwa kiwango cha chini. Gharama zifuatazo ni za mfano tu. Kila msomaji aweke za mtaa wake.

Nyeri, akitembea kwa miguu kwenda kazini: chumba Sh. 3,500, chakula Sh. 6,500, mkaa, maji na taa Sh. 1,500. Jumla Sh. 11,500. Kinachobaki ni Sh. 6,257.

Nairobi: chumba Sh. 5,000, chakula Sh. 7,000, mkaa, maji na taa Sh. 1,900, nauli Sh. 2,600. Jumla Sh. 16,500. Kinachobaki ni Sh. 3,513.

Aliyepokea zaidi amebakiwa na kidogo. Makato ya lazima ya hifadhi ya jamii, bima ya afya na tozo ya nyumba hayakuingizwa hapa. Kwa kuwa mengi hukatwa kwa asilimia, anayepokea zaidi hukatwa zaidi, na faida ya Nairobi hupungua tena.

BAKSHISHI HUGEUZA MIZANI

Katika mfano huu Nairobi iko nyuma kwa Sh. 2,744 kwa mwezi, yaani kama Sh. 106 kwa siku ya kazi. Mhudumu akipata bakshishi inayozidi ile ya Nyeri kwa kiasi hicho, mizani husawazika. Ikizidi hapo, Nairobi inashinda. Katika hoteli yenye wateja wengi wa mchana, jambo hilo linawezekana.

Mpishi hasimami mbele ya mteja. Bakshishi ikiachwa mezani na isigawanywe, jikoni haifiki. Kwa hiyo watu wawili wa daraja moja la mshahara, katika jengo moja, wanaweza kupata majibu mawili tofauti kwa swali lile lile. Mwajiri wa jiji anayepoteza wapishi huku wahudumu wakibaki aanze uchunguzi wake hapo.

Chakula cha kazini nacho ni mshahara. Mfanyakazi anayekula mchana hotelini huokoa fedha ambazo angetoa mfukoni. Hoteli hununua unga, maharage na mboga kwa bei ya jumla, hivyo sahani hiyo humgharimu mwajiri kidogo kuliko inavyomfaa mfanyakazi.

ENEO LA CHINI KULIKO YOTE

Tarakimu ya Sh. 9,933 humtisha anayeisoma. Lakini ichukuliwe kambi ya watalii iliyo mbali na mji, inayowalaza na kuwalisha wafanyakazi wake. Hapo posho ya nyumba haipo, wala kodi, nauli na chakula havilipwi. Karibu mshahara wote hubaki, na hupita wa Nairobi na wa Nyeri katika mfano wetu. Hesabu hubadilika iwapo mfanyakazi ana mke na watoto waliopanga nyumba kwingine. Hapo anaendesha nyumba mbili kwa mshahara ulio mdogo kuliko yote.

KOSA LA KUEPUKA

Wengine hulinganisha miji kwa kutumia taarifa ya kila mwezi ya mfumuko wa bei. Taarifa hiyo hueleza bei zimepanda kiasi gani tangu wakati fulani. Haisemi mji upi ni ghali kuliko mwingine. Mji wa bei nafuu unaweza kuwa na bei zinazopanda kwa kasi, na wa bei ghali ukawa umetulia.

Nyongeza ya asilimia nayo haiondoi pengo. Maeneo yote yakiongezwa asilimia 6, uwiano kati yake unabaki pale pale, hata kama kodi na nauli zimepanda zaidi katika mji mmoja.

LA KUFANYA

Mwenye hoteli anayetaka kufungua tawi katika mji mwingine aulize mambo manne kabla ya kupanga mishahara: kodi ya chumba kimoja karibu na kazi, nauli ya siku 26, bei ya chakula cha kawaida, na bakshishi ya siku isiyo na wateja wengi. Atoe gharama katika mapato, kisha alinganishe kinachobaki. Mfanyakazi naye afanye hesabu hiyo hiyo kabla ya kukata tikiti ya basi.