Sindano Moja, Mishono Mingi

Ndugu msomaji, ingia nyumba yoyote huku kwetu Eastlands, iwe Kaloleni, Bahati au Jericho. Kabla hujaletewa chai utaona vitambaa: juu ya makochi, juu ya meza, hata juu ya redio. Vya nyumbani kwetu vilifumwa na nyanya. Yeye alifunzwa na mamake, na mamake alifunzwa katika kilabu cha akina mama siku za mkoloni.

Mwenzetu mmoja alipotaja ushonaji katika somo la Historia, darasa zima lilicheka. Ati hayo ni mambo ya kina mama! Mimi pia nilicheka. Jioni nilipoketi juu ya vile vitambaa nikajiuliza: ni nani aliyeamua kwamba sindano ni ya wanawake?

Kazi ya mikono ilikuwako kabla ya mzungu. Wanawake wa Kikuyu na Wakamba walisuka viondo. Wamaasai walitunga shanga, na ukiziangalia ungejua aliyezivaa ni msichana au ni mke wa mtu. Wamishenari walipofungua shule, wavulana walifunzwa useremala, nao wasichana ushonaji, upishi na ulezi. Shabaha ilikuwa kupata mke wa Kikristo wa kumtunza mume msomi. Jambo la kushangaza ni kwamba mjini, sindano iliyoleta mshahara ilikuwa mikononi mwa wanaume. Fundi wa cherehani barazani alikuwa Mhindi, kisha mwanamume Mwafrika. Mwanamke alifunzwa kushona ili akae nyumbani, ilhali mwanamume alishona akalipwa.

Hapa Nairobi serikali ilitaka vibarua wanaume, kila mtu na kitanda chake. Mwanamke aliyekuja peke yake alishukiwa. Hata hivyo, tangu miaka ya 1920, wanawake wengi walimiliki nyumba Pumwani, wakapangisha vyumba na kujitegemea. Mkoloni hakumpenda mwanamke wa namna hiyo. Alimtaka mke wa nyumbani, na Kaloleni ilipojengwa miaka ya 1940, ilikusudiwa watu wenye familia.

Mwaka 1952 serikali ilianzisha Maendeleo ya Wanawake, chini ya uongozi wa wanawake wa Kizungu. Vilabuni walifunza kushona, kufuma, kupika na usafi. Kumbuka, Oktoba mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa. Serikali ilivitumia vilabu hivyo kuwavuta wanawake kutoka kwa Mau Mau. Huku wengine wakishona, wenzao walioshukiwa kuwasaidia wapiganaji walifungwa Kamiti. Kwa hivyo sindano haikuwa zawadi ya bure. Ilitenganisha anayeitwa mama mwema na anayeitwa mkaidi.

Je, tuseme waliojiunga walidanganywa? Nilimuuliza nyanya. Akanijibu, "Mjukuu wangu, mama alikwenda kujifunza kushona, lakini alirudi na marafiki. Wakaanza kuchangishana pesa. Hela za vitambaa ndizo zilizonisomesha mimi."

Jibu hilo lilinifumbua macho. Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Wanawake waliitwa wajifunze kutulia, wao wakajifunza pia kuendesha mkutano, kuweka hazina na kuchagua viongozi. Mmoja wa Waafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake alikuwa Phoebe Asiyo. Baadaye akawa mbunge wa Karachuonyo, na mwaka 1997 akapeleka bungeni hoja ya kuwaongezea wanawake nafasi za uongozi. Hoja ilishindwa, lakini Katiba ya mwaka 2010 ikaja kuweka viti vya wawakilishi wanawake, mmoja kwa kila kaunti.

Basi wenzangu, tusiseme kitambaa si historia. Kinatuonyesha mkoloni alimtaka mwanamke awe nani, na mwanamke mwenyewe akaamua kuwa nani. Na nyinyi wavulana wenzangu, msinicheke. Juma lililopita kifungo cha shati langu la shule kiling'oka. Nilikwenda kwa nyanya na shati mkononi. Hakulipokea. Alinipa sindano na uzi, akasema, "Keti hapa." Nilijidunga mara tatu, lakini kifungo kiko mahali pake hadi leo.