Mganga Hajigangi, Baba Mchungaji

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri, mzaliwa wa Moshi, na sasa ni mwaka wa 19 naishi Minnesota. Nafundisha Agano la Kale katika seminari, na pia ni mchungaji katika jeshi la akiba la Marekani. Mwaka jana nilipelekwa Kuwait kwa miezi tisa. Usiku mmoja askari kijana alinijia, tukazungumza hadi karibu na alfajiri. Wiki mbili baadaye alijiua. Aliyoniambia siwezi kumwambia mtu, hata mke wangu. Tangu nirudi, nikisimama darasani maneno yananikwama. Wanafunzi wanasema nimekuwa mkali. Mke wangu anadhani nimemchoka. Mkuu wangu wa kazi ananitaka nichague moja, darasa au gwanda. Nafikiria kuacha vyote viwili. Nifanyeje?*

*Mchungaji asiye na mchungaji*

Marahaba, Baba Mchungaji. Nianze na pole, maana sidhani kama kuna aliyekupa. Kwetu mtu akifiwa, majirani huingia bila kualikwa, turubai likafungwa, chai ikachemshwa, na mfiwa hakai peke yake. Kule kambini mambo ni mengine. Buti mbili hupangwa, bunduki ikasimamishwa katikati yake, kofia ya chuma ikawekwa juu. Jina la marehemu huitwa na hakuna anayeitika. Anayeongoza ibada ni mchungaji, na ibada ikiisha foleni ya wanaotaka kufarijiwa inakwenda kwake. Wewe nawe ulifiwa. Nani alikukalia matanga?

Sasa tuje kwenye siri. Usiitoe. Jeshi la Marekani limekuwa na wachungaji wake tangu 1775, na kanuni zake leo zinalinda maungamo ya askari kiasi kwamba hata kamanda hawezi kukuamuru useme. Kijana yule alikuja kwako kwa kuwa mlango wako ulikuwa hauna faili. Ukimvunjia siri yeye, wengine kumi hawatabisha hodi.

Lakini tenganisha mambo mawili, Mchungaji. Maneno yake ni yake. Usingizi uliokupotea ni wako. Hasira ni yako, na lile swali linalokurudia saa nane za usiku, "ningesema nini tofauti?", nalo ni lako. Hayo una ruhusa kamili ya kuyasema bila kugusa hata neno moja alilokuambia. Naona umeyafungia yote katika sanduku moja, na ndiyo maana linakulemea.

Najua mliofundwa katika kazi hiyo mmelelewa na kisa cha meli Dorchester, iliyozama karibu na Greenland tarehe 3 Februari 1943. Wachungaji wanne, yaani padri Mkatoliki, rabi wa Kiyahudi na Waprotestanti wawili, waliwavisha askari majaketi yao ya kujiokolea, wakazama na meli. Ni mfano mkubwa, nami nauheshimu. Ila wale walivua jaketi mara moja, meli ikiwa inakwenda chini. Wewe unalivua kila siku, na bado una mke, watoto wa watu darasani, na wikendi moja ya kila mwezi unayotakiwa kuripoti kikosini. Mganga hajigangi. Mtafute wa kukuganga.

Wapo. Hakuna anayekuwa mchungaji wa jeshi bila kanisa lake kumthibitisha, kwa hiyo aliyekutuma ana deni kwako, mwendee askofu. Mwendee pia mchungaji mwenzako wa kikosi cha juu, anayejua harufu ya hema na vumbi. Na zipo ofisi ziitwazo Vet Center, zinazowapa ushauri nasaha bila malipo waliotumikia maeneo ya vita, wakiwemo wa akiba. Mke wako mwambie hivi, na yatosha: "Nilifiwa kazini. Siruhusiwi kusema zaidi. Nina huzuni, na sijakuchoka." Halafu kaa naye, hata mkikaa kimya.

Kuhusu kuchagua, unafundisha Agano la Kale, basi unamjua Eliya alipoketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate wa moto na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Habari ya kazi ilikuja baadaye, Horebu. Nawe usiandike barua ya kujiuzulu chini ya mretemu. Jipe mwaka. Mkuu wako akikubana, mkumbushe kwa adabu kuwa sheria ya shirikisho ya 1994 inawalinda kazini wanaoitwa na jeshi. Kabla ya kujibu chochote kwa maandishi, muone mwanasheria.

Kwa maoni yangu, usiache darasa. Wachungaji vijana unaowafundisha watakaa kando ya vitanda vya wagonjwa, na wengine watavaa gwanda. Wengi watawafundisha kuhubiri. Wa kuwafundisha kumsikiliza mtu hadi alfajiri, na kisha kutafuta msaada wao wenyewe bila aibu, ni wachache. Maneno yanayokukwama leo yatarudi taratibu, na yatakuwa na uzito kuliko ya zamani.

Fikra za kufa zikikugusa wewe, au askari yeyote anayesoma safu hii akiwa Marekani, piga 988 kisha bonyeza 1. Simu hupokewa usiku na mchana.

Na kabla ya Jumapili hii, Mchungaji, mpigie mwenzako mmoja umwambie: "Leo mimi ndiye mgonjwa." Ukishampigia, niandikie tena.