SOMO LA AFYA: MASHILINGI YA KICHWA

Katika shule zetu za msingi hapa Kisii na Nyamira si ajabu kumwona mtoto mwenye mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatika na ngozi ina magamba meupe. Ndiyo mashilingi. Wenzake humcheka. Nyumbani hupakwa mafuta ya taa au unga wa betri kuukuu, lakini wapi! Ngozi huungua, mashilingi yapo palepale. Kwa nini?

Chanzo chake

Mashilingi si laana wala kurogwa. Huletwa na kuvu, ndugu wa ule ukungu tunaouona kwenye mkate uliolala. Mwaka 1843 daktari David Gruby wa Paris alieleza kuvu aina ya Mikrosporumu katika nywele za wagonjwa. Aina nyingine ni Trikofitoni. Kuvu hizi hula keratini, yaani kile kitu kigumu kinachounda nywele na kucha. Huenezwa kwa kitana, kofia, taulo, mashine ya kinyozi, hata kwa kucheza na paka au mbwa mgonjwa.

Tiba

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Kuvu imeingia ndani ya unywele hadi shinani, kwa hiyo dawa ya kupaka peke yake haifiki. Lazima mtoto ameze dawa. Griseofulvini humezwa kila siku, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa au parachichi. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, basi mpeleke zahanati. Mama mjamzito asiimeze dawa hii. Tena msiache katikati eti nywele zimeanza kuota!

Kichwa kikivimba na kutoa usaha, msikamue. Nendeni hospitali upesi, maana kovu likibaki, nywele hazioti tena mahali hapo.

Nyumbani na shuleni

Kagueni vichwa vya watoto wote wa nyumba hiyo. Kila mmoja awe na kitana na taulo yake. Kinyozi asafishe mashine kwa dawa ya kuua viini kila anapomaliza kichwa kimoja. Mtoto aliyeanza dawa aendelee na masomo, walimu, msimfukuze.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini dawa ya kupaka peke yake haitoshi?
2. Tutazungumza vipi na vinyozi wa soko letu?