Babu wa baba yangu alitoka wapi?

SWALI: Tunaambiwa babu wa baba yangu alikombolewa utumwani akalelewa na mapadre wa Bagamoyo. Nitajuaje asili yake?

JIBU: Anza na wazee, tena mwezi huu: vitabu vya kanisa vitakungoja, lakini shangazi yako huenda asikungoje. Usiwabane kwa miaka. Waulize kama jambo lilitokea kabla au baada ya Vita vya Maji Maji (1905–1907). Uliza mwiko wa chakula, watani wa ukoo na, zaidi ya yote, jina lake la kabla ya ubatizo. Akina Petro walikuwa wengi mno.

Kisha nenda misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa 1868, uulizie kwa adabu vitabu vya ubatizo na ndoa. Soma hata majina ya wasimamizi, kwani huenda ndugu amejificha hapo. Makaburini nenda na mwenyeji, maana kaburi lisilo na maandishi mara nyingi lina mtu anayelijua. Nyaraka za Zanzibar, zilizoko Kilimani, nazo zina kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza kuhusu utumwa.

Ukikuta ameandikwa "Mnyasa", usifunge uchunguzi. Pwani jina hilo walibandikwa watu wengi wa makabila mbalimbali kutoka pande za Ziwa Nyasa. Lilinganishe na ule mwiko wa chakula.