Dada wa Kazi na Msichana wa Tamthilia

Jioni katika maghorofa ya Upanga, vyombo vikiisha kuoshwa, jamaa wote hukusanyika mbele ya televisheni. Baba yupo, mama yupo, watoto wapo. Na nyuma yao, karibu na mlango wa jikoni, amesimama dada wa kazi, naye anatazama. Wote wanaangalia tamthilia moja, lakini hawapati somo moja. Basi leo twapenda kulichunguza somo hilo pamoja na wasomaji wetu, maana mwalimu aingiaye nyumbani kila jioni bila kubisha hodi, yafaa tujue anafundisha nini.

Tamthilia za namna hii si ngeni tena kwetu. Tangu televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, zimetufikia kutoka Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, na baadaye kutoka Uturuki; mwaka 2011 TBC ilionyesha hata ya China, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikisemwa kwa Kiswahili. Nchi ni mbalimbali, lakini mhusika mkuu twamjua kabla hajaingia. Katika Los ricos también lloran, iliyotolewa Mexico mwaka 1979, msichana maskini Mariana anapokewa katika nyumba ya tajiri, akapendana na mtoto wa nyumba hiyo. Mwaka 1995 hadithi hiyo ilirudiwa kwa jina la María la del Barrio: safari hii msichana alikuwa mwokota taka, lakini nyumba ya tajiri ilikuwapo, na kijana wake pia.

Tumtazame vizuri msichana huyu. Ni mzuri wa sura, ni mwema, naye analia sana. Akisingiziwa, hunyamaza, akifukuzwa, huenda zake. Mwisho huokolewa na ndoa, au yatokea habari kwamba tangu zamani alikuwa mrithi wa mali. Kijana naye ana wivu na hasira, huamini uwongo upesi, kisha husamehewa yote kwa sababu anapenda. Na yule mwanamke mwingine, mwenye akili nyingi, mwenye mipango, ajuaye anachokitaka? Huyo ndiye mwovu wa hadithi. Basi mtoto wa kike ajifunze nini, isipokuwa kwamba mwanamke mwema ni mwenye kulia, na mwanamke mwenye mipango ni wa kuogopwa?

Hatudharau uvumilivu. Wazee wetu walisema subira huvuta heri, nasi twakubali. Lakini subira yao ilikuwa na jembe mkononi. Aamkaye alfajiri akatoka Upanga kwenda Kariakoo atawakuta akina mama lishe wamekwisha washa moto. Akipita Muhimbili atawaona wauguzi wakitoka zamu ya usiku. Wanawake hao wana mipango mingi kila siku, na kwa mipango hiyo watoto wao wanakwenda shule. Hakuna kati yao angojaye mrithi wa tajiri, wala hakuna ambaye twaweza kumwita mwovu.

Sasa tumrudie yule aliyesimama mlangoni. Tamthilia inamwambia kwamba jicho la kijana wa nyumba ni mwanzo wa arusi. Katika maisha, mara nyingi ni mwanzo wa mimba, na mwisho wake ni kurudishwa kijijini na furushi lake asubuhi na mapema, majirani wasijue. Naye kijana aliyekaa kitini amefundishwa jambo baya vilevile: kwamba mtumishi ni wake kabla hajaulizwa, na kwamba machozi yake ni sehemu ya mapenzi. Tena sisi wazazi tuliomlilia Mariana, je, tumemlipa dada wetu mshahara wa mwezi uliopita? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila juma. Twamwita dada, basi tumtendee kama dada.

Wala tusidhani hadithi haziwezi kuwa njema. Huko Peru mwaka 1969, Simplemente María ilimweleza mtumishi aliyetoka shamba akadanganywa na mwanafunzi, akaachwa na mtoto; lakini alijifunza kusoma na kushona, akawa fundi mashuhuri wa mavazi. Hapa kwetu Radio Tanzania ilianza mwaka 1993 mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, mwishoni aliuawa na UKIMWI. Mkewe Tunu alianza biashara ndogo ili ajitegemee. Wasikilizaji hawakupungukiwa na furaha, na wengi walipata busara. Yaani mwanamke aweza kuwa mhusika mkuu kwa kazi ya mikono yake, na watu wakamsikiliza.

Basi hatusemi televisheni izimwe. Twasema mzazi asiwaache watoto peke yao na mwalimu huyu. Hadithi ikiisha, awaulize: Msichana huyu alifanya nini mwenyewe ili ajikomboe? Kijana huyu, kama angekuwa mkwe wetu, tungempa binti yetu? Mwovu alikosa nini: kuwa na akili, au kuitumia vibaya? Na dada wa kazi naye apewe kiti, aketi pamoja na wengine, aulizwe maoni yake. Huenda yeye ndiye mwenye jibu lililo bora, kwa kuwa katika chumba kile ni yeye peke yake aijuaye hadithi ile kwa upande wa jikoni.