Mto Kuparuk: Somo la Kupima kwa Miaka Mingi

Katika toleo hili tunajifunza kutoka mbali, kaskazini mwa Alaska, nchini Marekani. Huko udongo wa chini umeganda mwaka hata mwaka. Majira ya joto huyeyuka tabaka la juu tu. Maji ya mvua na theluji hayawezi kuzama, hivyo hubaki juu yakawa maziwa, vijito na vinamasi.

Tangu 1975 watafiti wanapima maji hayo katika kituo cha Ziwa Toolik. Mwaka 1983 walianza kudondosha fosforasi kidogo kidogo katika sehemu ya Mto Kuparuk, kila majira ya joto, wapate kujua kama uhaba wa rutuba hiyo ndio unaozuia uhai wa mto. Miaka ya kwanza jibu lilikuwa wazi: mwani uliongezeka juu ya mawe, wadudu wanaoula nao wakaongezeka, samaki wakakua upesi. Kama wangefunga daftari hapo (na wafadhili wetu wanajua ruzuku ngapi huisha mwaka wa tatu), taarifa ingesema rutuba huleta samaki, basi.

Hawakufunga. Baada ya miaka kama minane, mimea ya kuvumwani ilitanda chini ya mto na kufunika mawe yale. Wadudu wa aina fulani walipungua, wengine wakazidi. Ulikuwa mto mwingine kabisa, na hakuna aliyeutabiri mwaka 1983. Jambo hili ni zito leo, kwa sababu udongo ulioganda ukiyeyuka waweza kuachia rutuba mitoni bila mtu kuimwaga.

Muda peke yake hautoshi. Na mahali pia. Huko Siberia, picha za setilaiti za 1973 zililinganishwa na za 1997 na 1998. Maziwa makubwa yalikuwa yamepungua kutoka 10,882 hadi 9,712. Lakini penye barafu ya ardhini isiyokatika, eneo la maziwa liliongezeka. Penye barafu ya vipande vipande, maji yalizama. Anayepima upande mmoja tu angeapa kwamba mwenzake anasema uongo.

Swali la kujadili katika kamati: vipimo vya kwanza vya maji ya mradi wenu viko kwenye daftari gani, na nani analitunza?